Saksafoni Iliyowekwa Mezani

Katika kanisa moja dogo la Gisenyi, mji wa Rwanda ulio kando ya ziwa, mtu aliyepata ng'ombe huleta kamba. Fundi aliyenunua cherehani huleta kipande cha kitambaa. Aliyefungua duka huleta pakiti ya chumvi. Vitu hivyo huwekwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe mbele ya mimbari, mchungaji huviombea, na baada ya hapo havirudi nyumbani. Kamba hubaki kanisani, ng'ombe huendelea kula majani kwa mwenyewe. Kila muumini wa siku nyingi anaujua utaratibu huo, na kwa kuwa kila mtu anaujua, hakuna anayehangaika kumweleza mgeni.

Gwiza alikuwa mgeni. Jumapili moja ya mwezi wa Machi alikwenda mbele na saksafoni nzima, akailaza juu ya kitambaa cheupe, akainamisha kichwa. Alipokiinua, saksafoni haikuwa yake tena. Hakuna aliyemuuliza kama anaitoa. Neno "natoa" halikutoka kinywani mwake wala kwa mtu mwingine yeyote.

Ana miaka ishirini na miwili na anasoma mwaka wa pili katika chuo cha utalii hapa mjini. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, katika familia ya Wanyarwanda waliorudi yeye akiwa shule ya msingi, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha majirani, nao humtania kwamba anaongea kama redio. Saksafoni alijifunza sekondari, kwa chombo cha shule. Alipomaliza, chombo kilibaki shuleni pamoja na madawati, naye akawa mpigaji asiye na cha kupiga.

Mwanzoni mwa mwaka huu hoteli moja ya ufukweni ilitafuta mtu wa kupiga Jumamosi jioni. Meneja alimsikiliza Gwiza akipiga saksafoni aliyoazimwa na mwanamuziki mpita njia, akaridhika, akaweka sharti moja: aje na yake mwenyewe kabla ya Juni, msimu wa wageni unapoanza. Malipo ya kazi hiyo yangetosha karo, ambayo mama yake Kabatesi, muuzaji wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, sokoni, alikuwa ameanza kushindwa nayo. Mambo yalikuwa mepesi kueleweka. Bila saksafoni hakuna Jumamosi, na bila Jumamosi masomo yanaishia mwaka wa pili.

Saksafoni mpya ya tenori, ile kubwa yenye sauti nene, iliyotengenezwa vizuri ni mali ya watu wenye mshahara. Gwiza alikuwa na akiba aliyopata kwa kuhudumia meza kwenye harusi, na juu yake zamu ya mama yake katika kikundi cha akina mama wanaochangiana kila wiki. Jumla yake ilikuwa faranga laki mbili na nusu. Kwa kiasi hicho mwanafunzi hachagui anachokipenda, anachunguza asije akadanganywa.

Duka la kwanza alilokwenda ni la Latif, karibu na soko, ambako spika, magitaa na taa za harusi zimepangwa mpaka kizingitini. Latif ametoka katika familia ya Waislamu wafanyabiashara waliokaa mji huu vizazi kadhaa, na Kiswahili chake ni kile cha mpakani. Alimtolea tenori mpya iliyong'aa kama kombe la ushindi, bado imo ndani ya nailoni.

"Angalia, dada. Iko mupya. Hata mutu hajaitemea mate."

Gwiza alimwomba azime taa ya duka. Akawasha tochi ya simu, akaishusha ndani ya bomba, akafunga vifuniko vyote kwa vidole vyake na kutazama. Kifuniko kinachopitisha mwanga hupitisha pia pumzi, na saksafoni inayovuja pumzi humchosha mpigaji bila kumpa sauti. Ile ya Latif ilipitisha mwanga kama pazia la zamani.

"We binti, unakuya kununua ao unakuya kupima malaria?"

"Napima, kaka. Mgonjwa wako ana homa."

"Kitu mupya haina ugonjwa!"

"Wengine huzaliwa nao."

Akakibonyeza kijiti kimoja cha kufungulia vifuniko kwa kidole gumba. Kilipinda, hakikurudi. Latif alikitazama kijiti, akamtazama Gwiza, akaangua kicheko.

"Bon. Usiniharibie bintu mbele ya watu. Kama unatafuta ya kweli, donc, enda Nyamyumba kwa mama Cansilde. Bwana yake alikuwa anapiga mahoteli ya pale kandokando ya maji. Mi nauza kengele, ule mama iko na saksafoni."

"Sasa kengele hizi unawauzia akina nani?"

"Banaokuya bila tochi," akasema Latif, akaichukua ile tenori na kuirudisha kwenye nailoni yake.

Cansilde anaishi juu kidogo ya barabara iendayo kwenye chemchemi za maji ya moto. Mumewe Munyaneza alifariki miaka michache iliyopita na kumwachia mashamba mawili ya ndizi, watoto waliokwisha kuoa, na tenori ndani ya sanduku jeusi. Wanunuzi wawili walikuwa wamekuja kabla ya Gwiza, na wote wawili aliwafukuza.

"Wa kwanza alikuja na mizani," alieleza huku akichambua maharage. "Alitaka shaba ya kuyeyusha. Wa pili alisema ataitundika ukutani kwenye baa yake. Nikamwambia, si pembe ya nyati hiyo. Wewe utaipima au utaitundika?"

"Nitaipuliza, mama."

"Basi puliza. Bei tutaongea ukimaliza."

Mng'ao wa dhahabu wa saksafoni ulikuwa umekwisha zamani, imebaki rangi ya chai iliyokolea. Shingoni, mahali pa kuchomekea mdomo wa kupulizia, Munyaneza alikuwa amezungushia uzi. Lakini tochi haikuonyesha mwanga popote, na vijiti havikupinda. Gwiza alianza na sauti ya chini kabisa, ile inayofichua kila kasoro kwa sababu inahitaji vifuniko vyote vizibe kwa pamoja. Ilitoka nene, bila kutetemeka. Akapanda moja moja hadi juu, akashuka tena. Mikono ya Cansilde ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Munyaneza alikuwa anakohoa pale chini," alisema. "Wewe hukohoi. Una kiasi gani?"

Gwiza akamwambia ukweli. Cansilde akasonya, akasema hiyo ni bei ya mbuzi wawili wenye afya mbaya, akaipokea. Kisha akamfunga sanduku mgongoni kwa kitenge, kama anayembebesha mtoto, ili lisimletee shida kwenye pikipiki.

Ununuzi wa busara kuliko huo ni nadra katika mji huu, hata kwa watu wenye fedha. Msichana alikataa kung'arishiwa macho, akapima, akasafiri, akapata chombo kizuri kwa fedha alizokuwa nazo. Kosa lililofuata halikuwa lake peke yake.

Kabatesi ndiye aliyetaka washukuru. Zamu yake ya kikundi ilikuwa ndani ya saksafoni ile, na kwake fedha ya kikundi ni fedha iliyopita kwenye mikono ya watu. Haianzi kazi kabla ya kuombewa. Familia ilikuwa imehamia kanisa hilo mwaka jana tu. Kule Karagwe, na hata katika kanisa walilosali waliporudi, mtu alipeleka mbele kitu chenyewe, baiskeli, redio, mkungu mzima wa ndizi. Mchungaji alikiwekea mikono, na mwenyewe akakibeba kwenda nyumbani akiimba. Mama na binti walifanya walichokijua.

Aliyepiga makofi kuliko wote siku hiyo alikuwa Karangwa, mzee wa kanisa anayesimamia kwaya na vyombo, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Ibada ilipokwisha Gwiza alikuta meza tupu. Karangwa alikuwa anafunga kufuli kwenye mlango wa stoo.

"Mzee, naomba saksafoni. Tunaondoka."

"Mnaondoka nayo kwenda wapi, mwanangu?"

"Nyumbani. Nina mazoezi."

"Mazoezi utafanyia hapahapa. Kwaya hukutana Jumatano na Ijumaa."

"Mzee, sikuitoa. Nilikuja kushukuru."

"Ndivyo wanavyoshukuru wenye moyo mkubwa," akasema Karangwa, akamshika bega. "Kilichogusa meza ni cha Bwana. Usijipunguzie baraka kwa maneno."

Ni vigumu kugombana na mtu anayekunyang'anya huku akikusifu. Watu walikuwa wamewazunguka, wakitabasamu, wakimpongeza Kabatesi kwa kumlea binti mkarimu hivyo. Kabatesi alikubali pongezi, kwa sababu hakujua afanye nini kingine mbele za watu.

Jumapili iliyofuata saksafoni ilikuwa shingoni mwa Igor, mtoto wa Karangwa, ambaye mpaka wiki hiyo alikuwa anapiga kinanda. Alipuliza kama mtu anayewasha kuni mbichi. Kanisa likasema amina.

"Nyamaza," Kabatesi alimwambia binti yake walipofika nyumbani. "Watasema tumekuja kumnyang'anya Mungu."

"Mama, anayepuliza si Mungu, ni Igor. Mungu asingeikaba vile."

Mama alicheka, kisha akakasirika kwamba amecheka.

Gwiza alimfuata Karangwa dukani. Alimweleza kuhusu hoteli, Juni, na karo. Karangwa alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole ambao Gwiza anasema ulimkera kuliko matusi, kisha akauliza: "Yaani chombo cha Bwana kikapigiwe watu wanaokunywa bia?" Swali hilo lingekuwa na uzito zaidi kama lisingeulizwa mbele ya ndoo za rangi zilizokuwa zinasubiri gari la hoteli hiyohiyo. Rangi ya ukuta wa baa ile inatoka kwa Karangwa. Rangi, inaonekana, hailewi.

Aprili ikapita. Gwiza alikwenda kwa mchungaji, naye akasema mambo ya vyombo yako mikononi mwa mzee. Alikwenda kwa wanakwaya, wakamshauri ajiunge na kwaya, ili wakati mwingine Igor ampishe. Meneja wa hoteli alimtumia ujumbe akiuliza kama bado wanaelewana. Msichana aliyenunua chombo kwa akiba yake na jasho la mama yake alikuwa anashauriwa aombe zamu ya kukigusa.

Aliyebadilisha mambo ni Bahizi, dereva wa pikipiki, muumini wa kanisa hilohilo, siku aliyomchukua Gwiza kutoka chuoni.

"Dada, nasikia banakuchukulia ile tarumbeta."

"Saksafoni."

"Ni sawasawa. Mi pia niliweka ufunguo wa hii moto, hii pikipiki, pale mezani, mwaka ule mwingine, wakati nainunua."

"Ukabaki?"

"Ubaki namna gani? Banarudisha palepale kwa mulango. Ningeendesha na nini, na maombi?"

"Mzee Karangwa alisemaje?"

"Alisema moto iko kazi. Kazi haifungiwe stoo."

Gwiza akamwambia asimame. Hawakuwa wamefika popote, walikuwa kando ya barabara mbele ya kibanda cha vocha.

"Hayo utayasema mbele ya abunzi?"

"Yewe, dada! Mi naimba besi kule kwaya."

"Utaimba besi hiyohiyo."

Bahizi alizungusha kofia mikononi, akasema atakuja, ila asiulizwe maneno mengi.

Abunzi ni wapatanishi wanaochaguliwa na majirani ili wasuluhishe magomvi madogo kabla hayajafika mahakamani. Katika kesi hii walikaa uani kwa ofisi ya mtaa, kwenye mabenchi, wakiongozwa na Nyiramana, mwalimu mstaafu. Kikao kilikwenda kwa Kinyarwanda, na Kiswahili kikaingia kila hasira ilipopanda, kwa hiyo kiliingia mapema. Karangwa alikuja na suti, na Igor nyuma yake amebeba sanduku jeusi, kwa sababu Nyiramana alikuwa ameagiza kitu kinachogombewa kiletwe.

"Huyu binti alisema anatoa?" Nyiramana aliuliza.

"Tendo lilisema," akajibu Karangwa. "Alikiweka mezani mbele ya kanisa zima. Mashahidi ni watu zaidi ya mia."

"Na ufunguo wa Bahizi ulipowekwa mezani, tendo lilisema nini?"

Karangwa aligeuka. Bahizi alikuwa amesimama karibu na ukuta, macho chini.

"Niliweka," Bahizi akasema. "Banarudisha."

"Ile ni pikipiki," akasema Karangwa. "Pikipiki ni kazi. Inalisha watu."

Gwiza akasimama bila kuitwa. "Na hii ni kazi yangu, mzee. Nilikuambia dukani kwako. Hoteli inanisubiri. Bila hii sirudi chuoni."

"Kazi!" Karangwa aliwatazama wapatanishi kama anayewaomba washuhudie. "Msichana anapiga filimbi kwenye meza za walevi, na anaita kazi! Huo ni mchezo, mwanangu. Hapa kanisani ni utumishi. Lakini kazi?"

Hapo ndipo mtu mwenye haki ya kukasirika anapokasirika. Karangwa hakuwa na shida na sheria ya meza. Sheria ya meza alijua kuivunja, alishaivunja kwa ajili ya Bahizi, na alifanya vizuri. Alichokosa ni uwezo wa kuamini kwamba kitu kilichoshikwa na binti wa muuza sambaza kinaweza kuwa riziki.

Nyiramana aliuliza jambo jingine, kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha daftari: "Tangu ikae kwenu, hii filimbi imepigwa kanisani tu?"

"Kanisani tu," akasema Karangwa.

"Na harusi," akasema Igor.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. Ana miaka kumi na tisa, na huenda hakukusudia kumwangusha baba yake. Aliulizwa swali, akajua jibu.

"Harusi gani?"

"Mbili, kule Mahoko. Za watu wa kanisa."

"Walikulipa?"

Igor alimtazama baba yake, kisha akalitazama sanduku. "Walitupa kitu. Mimi na baba."

Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma akapiga mluzi. Nyiramana akamtazama mpaka akanyamaza.

"Basi ni kazi," akasema Nyiramana. "Tulikuwa tunatafuta kujua hilo tu."

Wapatanishi walijitenga, wakarudi kabla watu hawajamaliza kunong'ona. Saksafoni ni ya Gwiza. Alikwenda kushukuru, hakutamka zawadi, na kanisa lenyewe limewahi kumrudishia mtu kilichogusa meza pale kilipokuwa chombo cha kazi. Karangwa alipokea uamuzi akiwa amesimama wima, akasema yeye hana neno, akanyoosha mkono ili wapeane amani, kama ilivyo desturi ya kufunga kikao.

Gwiza hakuushika.

"Ngoja kwanza, mzee."

Akafungua sanduku uani, mbele ya kila mtu, akaunganisha shingo, akaweka mwanzi wa kutolea sauti, akapuliza. Sauti za kati zilitoka. Za juu zilitoka. Aliposhuka chini, kwenye ile sauti iliyokuwa imemsimamisha Cansilde kuchambua maharage, kilitoka kikohozi, kisha upepo mtupu. Akaangalia. Kifuniko kikubwa cha chini kilikuwa kimechanika ngozi. Aliyekichana alikuwa anakibonyeza kwa nguvu za mtu asiyejua, na mate yalikuwa yamekauka ndani kwa wiki nyingi bila kufutwa.

"Haijarudi yote," akasema.

"Aa, binti!" Karangwa bado alikuwa amenyoosha mkono. "Umeshaipata. Shukuru Mungu."

"Nilishamshukuru, mzee. Shukrani hiyo ndiyo iliyonileta hapa."

Benchi zima likaangua kicheko, Kabatesi naye, akiwa ameziba mdomo kwa kitenge. Nyiramana alisubiri kiishe, kisha akaongeza kwenye uamuzi: kifuniko kitengenezwe kwa gharama ya waliokiharibu. Baada ya hapo Gwiza akatoa mkono.

Aliripoti hotelini Jumamosi ya mwisho ya Mei. Hakumwambia meneja kuhusu kifuniko. Alichagua nyimbo zisizoshuka sana, na zile zinazoshuka akazipandisha. Wageni hawakujua. Yeye alijua kila mara alipofika mahali pa kuruka, na anasema inachosha, kama kupanda ngazi isiyo na kidato cha kwanza. Karo ya muhula imelipwa.

Kifuniko hakijalipwa. Fundi wa kukibadilisha yuko Kigali, na gharama yake si kitu kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Karangwa anasema jambo hilo linasubiri kamati, na kamati haijakaa. Gwiza hakuhama kanisa, ingawa wengi walitegemea angehama, na wachache walitamani. Kila Jumapili ibada inapokwisha humsubiri Karangwa pale mlangoni, mahali palipo na watu wengi, humwamkia kwa heshima zote, na kumuuliza kama kamati imekaa.

"Bado, mwanangu."

"Sawa, mzee. Jumapili ijayo basi."